Ukuta Unarudisha Maji: Kisa cha Boti ya Kukodi katika Ghuba ya Orosei, Sardinia

## Kwa nini kisa hiki

Familia moja ya watu wa pwani yetu ya Tanzania, baadhi wakiishi kaskazini mwa Italia na wengine wakiwa wageni wao kutoka nyumbani, ilikodi boti ya mpira kwa siku moja kwenda kutembelea fukwe za mashariki mwa Sardinia. Wote walirudi hai. Mama mmoja alirudi na pingili ya mgongo iliyovunjika.

Nimesimuliwa na watatu kati yao, kila mmoja kwa wakati wake, nao wameridhia kisa kiandikwe ili wengine wafaidike. Majina, mwaka, na mambo mengine ya kuwatambulisha nimeyaondoa au kuyabadilisha.

Kazi yangu ni kufundisha usalama kwa vijana wa boti za watalii. Visa vya watu wasioijua bahari ninavyo vingi. Hiki nimekichagua kwa sababu wawili kati ya waliokuwemo walikulia majini. Ujuzi wao ulikuwa wa kweli, na kule kwao ungetosha kabisa. Pale Sardinia sehemu moja ya ujuzi huo ilikaribia kuwaangamiza na sehemu nyingine ikawaokoa, na kazi ya uchambuzi huu ni kuzitenganisha.

## Mahali

Ghuba ya Orosei imefunguka upande wa mashariki. Kutoka mji mdogo wa Cala Gonone kwenda kusini, pwani ni ukuta wa mawe ya chokaa unaosimama mamia ya mita juu ya maji, na kwa maili nyingi hakuna barabara ya gari inayofika ufukweni. Fukwe zimejificha pale makorongo yanapotokea baharini. Linaanza pango la Bue Marino, ambalo jina lake linatokana na sili waliokuwa wakiishi humo zamani. Inafuata Cala Luna, maili 3 na kitu za baharini kutoka bandarini, kisha Cala Sisine kwenye maili ya 6. Mbele zaidi kuna Cala Mariolu yenye kokoto nyeupe na za waridi, na baada yake Cala Goloritzé, penye tao la mwamba na mnara wa jiwe wa mita 143 wanaoupenda wapanda miamba. Hapo umekwenda maili 10 hivi. Goloritzé imehifadhiwa kisheria tangu miaka ya 1990 na boti za mashine haziruhusiwi kufika ufukweni. Zinasimama mbali, watu wanatazama na kupiga picha.

Anayetaka kuziona fukwe hizi hutembea kwa miguu milimani, hupanda boti kubwa za abiria zinazokwenda kwa ratiba, au hukodi boti ndogo. Sheria ya Italia inamruhusu mtu mwenye miaka 18 kuendesha bila leseni boti yenye mashine isiyozidi kilowati 30, yaani nguvu za farasi 40 hivi, mradi asiende zaidi ya maili 6 kutoka pwani. Kwa hiyo kila kiangazi ghuba hujaa boti za mpira zinazoendeshwa na watu walioshika usukani kwa mara ya kwanza asubuhi ile ile.

Bahari yenyewe inatofautiana na yetu kwa mambo yaliyo wazi ukishaambiwa. Maji ya Sardinia karibu hayapwi wala hayajai. Tofauti ni sentimita 20 au 30, wakati Unguja siku za bamvua maji hupanda na kushuka kiasi cha mita 4. Pepo nazo hazitawali kwa miezi kama kaskazi na kusi. Hubadilika kwa siku, hata kwa saa. Maestrale wa kaskazini-magharibi ndio wenye sifa mbaya kisiwani kote, lakini katika ghuba hii milima huukinga kwa kiasi. Unaoingia bila kizuizi ni grecale wa kaskazini-mashariki, pamoja na pepo zote za mashariki.

## Watu

Walikuwa saba. Dereva ni mwanamume wa miaka thelathini na kitu, aliyelelewa pwani ya Tanzania na kuhamia Italia akiwa mtu mzima. Kiitaliano anakisema vizuri. Alikuwa na Mke wake, na Mama, yaani mkwe wake. Ami ni mdogo wa baba yake Dereva, amepita miaka sitini, ujanani alivua kwa ngalawa na baadaye akawa baharia wa majahazi. Rafiki wa familia alikuja na watoto wake wawili wa shule ya msingi.

## Siku yenyewe

Saa mbili na nusu asubuhi walikuwa bandarini. Kijana wa ofisi ya kukodisha aliwaonyesha jinsi ya kuwasha mashine, kamba nyekundu ya kuzimia mashine ambayo dereva huifunga mkononi, nanga, na ramani ndogo iliyofunikwa plastiki. Mwisho akasema kwa Kiitaliano kwamba bahari itatulia mpaka mchana, kisha grecale utaingia, hivyo wawe wameshageuza kabla ya saa tisa. Mke alikuwa akiwapaka watoto mafuta ya jua. Akauliza, "Amesemaje?"

"Anasema bahari leo shwari," Dereva akajibu. "Twendeni."

Wakati huo Ami alikuwa ameinama kwenye ngazi za gati akitafuta alama ya maji kujaa, kama afanyavyo popote afikapo. Akauliza maji yanaanza kupwa saa ngapi. Dereva akacheka. "Ami, huku maji hayapwi." Ami aliniambia hivi: "Nikaona basi, hapa mimi mgeni. Nikae nitazame."

Safari ya kwenda ilikuwa nzuri kama walivyoitamani. Maji yalikuwa ya buluu hafifu juu ya mchanga na meusi juu ya nyasi za posidonia, na Dereva alijua kutupa nanga penye mchanga tu, kwa sababu nyasi hizo zinalindwa. Walifika Mariolu saa tano, wakaoga, wakala.

Kabla ya saa nane Ami aliona vitu viwili. Boti ya abiria ilikuja mapema kuliko saa iliyoandikwa kwenye kibao, ikapiga honi na kuwaharakisha watu wake. Na kule mbali, mstari wa upeo ulikuwa umeota meno. Akasema, "Wenyeji wanaondoka." Rafiki akamjibu kwa adabu kwamba wamelipia mpaka saa kumi na mbili, na watoto bado hawajaliona tao. Ami hakusema tena. Wakashuka kusini mpaka Goloritzé, wakakaa hapo hadi karibu saa tisa na nusu.

Upepo ulishika wakiwa wanageuza. Grecale ulikuja kutoka mbele kulia kwao, na kwa muda mfupi mawimbi yakafika mita moja. Mita moja si kitu kwa mtu aliyevuka mkondo wa Pemba, lakini mawimbi haya yalikuwa mafupi na yamesongana, boti haipati nafasi ya kupanda na kushuka. Dereva, akitaka kufika haraka, aliacha mwendo uleule wa asubuhi. Mama na watoto walikuwa bado wamekaa kwenye magodoro ya mbele walikokuwa wakiota jua. Boti iliruka wimbi moja, ikaangukia shimo lililokuwa nyuma yake. Mama alisikia kitu kikikatika kiunoni.

Dereva akapunguza mwendo, na hapo akafanya uamuzi ambao watu wote wa pwani niliowasimulia kisa hiki wangeufanya: akaielekeza boti karibu na ukuta wa mwamba akatafute utulivu. Haukuwepo. Mita hamsini kutoka kwenye ukuta maji yalikuwa yakija kutoka baharini na kurudi kutoka kwenye jiwe, yanakutana chini ya boti na kusimama wima. Maji yakaingia kwa nyuma. Ami, ambaye tangu mchana hakuwa amesema neno, akashika bega la Dereva.

"Toka nje, mwanangu. Ukuta unarudisha maji."

"Nje huko wimbi kubwa, Ami!"

"Kubwa, lakini lina upande. Hili halina upande."

Wakatoka nje zaidi ya nusu maili. Ami akapanga watu upya. Mama alilazwa sakafuni karibu na nyuma juu ya mataulo, watoto wakakaa chini katikati ya miguu ya Mke na Rafiki, mbele pakaachwa patupu. Majaketi okozi yalikuwa kwenye sanduku la mbele, chini ya godoro, na Mke alitambaa kwa magoti kuyafuata wakati omo, yaani mbele ya boti, ikipigwa na maji. Dereva akalikata kila wimbi kwa pembe, akipunguza petroli linapokuja na kuongeza likishapita.

Walipofika mkabala na Cala Sisine, Dereva alitaka kuingia ufukweni. Kwa kutazama kutoka nje, palionekana pametulia. Ami alikataa. "Mgongo wa wimbi huwa mzuri siku zote," alinieleza. "Mimi niliangalia weupe uliokuwa ukirukia mchangani." Wakaendelea.

Huku nje simu ya Mke ikapata mtandao. Akapiga namba iliyochapishwa kwenye ramani. Mwenye ofisi akawaambia wabaki nje, wasiingie ufuo wowote, wasiharakishe. Akauliza petroli iliyobaki na kuwataka wamtumie mahali walipo. Alikuja mwenyewe na boti yake, wakakutana karibu na Cala Luna, akatangulia nao wakimfuata. Waliingia bandarini saa kumi na mbili kasoro.

## Matokeo

Picha ya hospitali ilionyesha pingili ya kiuno iliyobonyea na kuvunjika. Mama hakupasuliwa, lakini alivaa mshipi mgumu wa mgongo kwa miezi na safari yake ya kurudi nyumbani iliahirishwa. Watoto walitapika njia nzima na mmoja hakutaka tena kusogelea maji likizo ile. Boti haikuharibika.

## Uchambuzi

Mwamba wa kwetu na ukuta wa kwao

Naanza na uamuzi wa kukimbilia pwani, kwa sababu ndio ulioweka maisha ya watu saba hatarini, na pia ndio rahisi kusamehewa. Sehemu kubwa ya pwani yetu ina mwamba wa matumbawe unaokwenda sambamba na nchi kavu. Wimbi la bahari kuu huvunjikia huko nje, na ndani ya mwamba maji hulegea. Mtoto anayekua pale hujifunza kabla ya kusoma kwamba hatari iko nje na salama iko ndani. Halazimiki kufikiri, mkono unageuza usukani wenyewe.

Ghuba ya Orosei haina mwamba huo. Jiwe la chokaa linaingia majini wima na kina kinakuwa kirefu palepale. Wimbi halipati mahali pa kuvunjikia wala kuchokea. Linagonga jiwe na nguvu zake karibu zote, na sehemu kubwa ya nguvu hizo hurudi lilikotoka. Pale linapokutana na wimbi linalofuata, maji hujikusanya kuwa vilima visivyo na mwelekeo. Boti ndogo huweza kulikabili wimbi kubwa linalotoka upande mmoja kwa kulikata kwa pembe. Wimbi lisilo na upande halina pembe ya kukatiwa. Na mashine ikizimika mita hamsini kutoka kwenye ukuta huku upepo ukisukuma kuelekea nchi kavu, una dakika chache tu kabla ya kugonga jiwe, na ufuo wa kupandia haupo.

Cha kujiuliza ni kwa nini Ami alijua na Dereva hakujua, ilhali wote ni watu wa pwani moja. Jibu lake nalithamini sana. Majahazi yalimfikisha kwenye bandari zenye kuta za gati, na huko aliona maji yakigonga ukuta na kurudi, yakizitikisa mashua zilizofungwa karibu. Dereva alikuwa amevulia ndani ya mwamba peke yake. Ujuzi wa Ami ulihusu maji yanavyotenda. Wa Dereva ulihusu mahali pamoja. Ninapofundisha sasa, simuulizi mwanafunzi "salama iko wapi?" Namuuliza "wimbi hili litaishia kwenye nini?"

Maneno ya gatini

Kijana wa ofisi alifanya kazi yake. Alitaja upepo, akataja saa. Kati ya watu saba, mmoja tu aliyasikia, na alichowapa wengine ni nusu ya kwanza. Dereva hakudanganya: asubuhi bahari ilikuwa shwari. Lakini neno la maana, saa tisa, lilibaki kichwani mwake peke yake, na yeye siku nzima alikuwa na kazi ya nanga, watoto na picha. Kama Rafiki angeijua saa hiyo, asingetoa hoja ya saa kumi na mbili. Kama Ami angeijua, alichokiona Mariolu kingekuwa ushahidi wa jambo lililokwisha kusemwa, wala kisingeonekana wasiwasi wa mzee.

Kwa hiyo mnapokuwa na lugha mbili katika boti moja, mashine isiwashwe mpaka anayetafsiri ayarudie maelezo yote kwa sauti, na mtu mzima mwingine amwambie tena saa ya kugeuza. Inachukua dakika mbili. Saa ya kurudisha boti iliyoandikwa kwenye risiti ni ya biashara, na upepo haukuwepo wakati risiti inaandikwa.

Ukimya wa Ami

Jambo hili linanigusa, nalo limenifanya nizungumze na wazee wengi tangu hapo. Mtu mwenye uzoefu kuliko wote aliuliza swali moja la kitaalamu, akachekwa kidogo, akajiondoa. Hakuna aliyemvunjia heshima. Kicheko kilikuwa cha mapenzi. Lakini yeye alielewa kwamba kwa kuwa hapa maji hayapwi, basi yote anayoyajua hayana kazi hapa. Kumbe meno ya upeo ni yale yale Sardinia na Mafia, na mwenyeji anayeng'oa nanga mapema anasema neno lile lile kila bandari duniani. Alisema mara moja, akapingwa kwa upole, na desturi yetu ya mgeni kutomsumbua mwenyeji ikamfunga mdomo kwa saa moja na nusu.

Dereva angeweza kumrudisha kwa sentensi moja tu: "Ami, maji hayapwi, lakini wewe nitazamie upepo." Kazi ya kutazama ingekuwa na mwenyewe. Nahodha wa jahazi asingekubali chombo kikose mtu wa kutazama nje.

Bandari iliyokuwa upande wa pili

Walipogeuza Goloritzé walikuwa na maili 10 za kupigana na upepo. Kusini kwao, maili 7 au 8 hivi, kulikuwa na bandari ya Santa Maria Navarrese. Ukishapita Capo di Monte Santu, rasi inayofunga ghuba, pwani inageuka kuelekea kusini-magharibi, na rasi yenyewe huanza kukukinga na grecale. Njia ilikuwa fupi kidogo, na baada ya rasi wimbi lingetoka nyuma.

Hakuna aliyeiwaza. Gari lilikuwa Cala Gonone, amana ilikuwa Cala Gonone, na ramani ya plastiki iliishia Goloritzé. Sisemi njia hiyo haikuwa na hatari, kwa maana wimbi la nyuma linahitaji mkono wake na kuzunguka rasi kunataka nafasi ya kutosha. Lakini walipaswa kuwa na njia mbili za kuchagua, nao walikuwa na moja. Anayekodi boti aulize asubuhi, "Upepo ukigeuka nikiwa mwisho wa safari, bandari ya karibu ni ipi, na nikiiacha boti huko itakuwaje?" Ofisi nyingi zingependelea kufuata boti yao kwa gari kuliko kuitafuta kwenye miamba.

Mgongo wa Mama

Jeraha hili si la ajabu. Boti ya mpira inapoanguka kutoka juu ya wimbi, mbele ndiko kunakoanguka kutoka juu zaidi, na aliyekaa huko na miguu iliyonyooka hupokea pigo lote kwenye uti wa mgongo. Wenye umri mkubwa huumia upesi zaidi. Magodoro ya mbele ni ya kulalia boti ikiwa imesimama. Boti ikiondoka, watu wahamie nyuma, na dereva apunguze mwendo kabla ya wimbi la kwanza badala ya baada ya mtu kulia. Kumlaza Mama chini na kutomwinua tena mpaka bandarini ilikuwa sahihi.

Majaketi nayo yangevaliwa asubuhi, watoto angalau. Mke alihatarisha maisha yake kuyafuata mahali pabaya kuliko pote ndani ya boti. Dereva, kwa upande wake, hakuivua kamba ya kuzimia mashine siku nzima, na katika maji yale ya ukutani, kama angerushwa nje, kamba hiyo ingezuia boti isiwageukie walio majini.

Simu

Kumpigia mwenye ofisi kulisaidia, kwa kuwa aliijua ghuba na alikuwa na boti tayari. Hata hivyo simu ya kwanza ilipaswa kuwa 1530, namba ya dharura ya walinzi wa pwani wa Italia, au 112 inayofanya kazi Ulaya nzima. Walikuwa na mtu aliyeumia mgongo na watoto wadogo, na hilo latosha kuitwa dharura hata kama mashine bado inanguruma. Walinzi wa pwani wangeweza kuandaa gari la wagonjwa bandarini mapema, na kama mwenye ofisi asingepokea simu, familia isingekuwa na mtu mwingine anayejua walipo. Chini ya kuta zile simu mara nyingi haishiki, hivyo namba hizi ziandikwe mahali pakavu kabla ya kuondoka, na boti ikiwa na redio, abiria mmoja zaidi ya dereva aonyeshwe chaneli 16 na jinsi ya kubonyeza. Anayepiga aanze na mahali alipo, kisha idadi ya watu, kisha aliyeumia.